Mgombea Udiwani Anaposema "Nimeguswa": Kiti Anachokiomba Kina Uwezo Gani?

"Nimeguswa na changamoto za kata yetu." Ni nadra kumkuta mgombea udiwani asiyefungua hotuba yake kwa maneno ya namna hii. Wengine wameguswa, wengine wameombwa na wazee, wengine wamesukumwa na vijana wa kijiweni, na wapo wanaotaka tu kuwa "sauti ya wasio na sauti". Baada ya hapo inakuja orodha: barabara, maji, umeme, zahanati, ajira kwa vijana, mikopo kwa akina mama. Watu wanapiga makofi, muziki unafunguliwa, gari la matangazo linahamia mtaa wa pili.

Sidhani kwamba wengi wa wanaosema hivyo ni waongo. Mtu aliyekulia Mabatini au Igogo pale Mwanza, akabeba ndoo kupanda mlima na kuona maji ya mvua yakiingia jikoni kwao, hana haja ya kubuni shida. Tatizo ni kwamba sababu anazozitoa na kiti anachokiomba mara nyingi havikutani. Anaomba ufunguo wa chumba kimoja huku akiahidi kufungua nyumba nzima. Na sisi tunaomsikiliza, kwa kuwa hatujui ufunguo ule ni wa chumba gani, tunamchagua kwa ahadi asizoweza kuzitimiza, kisha miaka mitano baadaye tunamchukia kwa mambo yasiyokuwa mikononi mwake. Yale aliyokuwa nayo mikononi hatumuulizi kabisa.

Nitatumia Jiji la Mwanza kama mfano, kwa sababu halmashauri yake ni ndogo kiasi cha kueleweka. Ina kata 18, kuanzia Mirongo na Pamba katikati ya mji hadi Buhongwa, Lwanhima na Luchelele pembezoni. Lakini mengi ya hapa chini ni yaleyale ukiwa Arusha, Tanga, Mbeya au Dodoma.

Diwani hachaguliwi kwenye "uchaguzi wa serikali za mitaa"

Tuanze na mkanganyiko unaowasumbua hata wasomi. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, ule uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, haukumchagua diwani yeyote. Ulikuwa wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji pamoja na wajumbe wao, na msimamizi wake ni Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Diwani huchaguliwa siku moja na Rais na mbunge, kama ilivyokuwa tarehe 29 Oktoba 2025, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi huo wa 2025 una mjadala wake mzito. Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwamo kwenye karatasi za kura, na siku yenyewe iligeuka ya maandamano, vifo na intaneti kuzimwa. Makala hii haitaumaliza mjadala huo, ila asiyeutaja atakuwa anawaeleza wasomaji nchi nyingine.

Kupiga kura tatu kwa siku moja kuna matokeo yake. Udiwani unamezwa na urais. Mkutano wa kata unakuwa mkutano wa kumnadi mgombea urais, mgombea ubunge anapewa dakika zake, na mgombea udiwani anaitwa jukwaani mwishoni apunge mkono. Hapo hata aliye na sababu nzuri ya kugombea haipati nafasi ya kuieleza.

Jambo la pili ni jiji lenyewe. Mtu wa Mbagala anaweza kusema anagombea "Jiji la Dar es Salaam", lakini Mbagala iko Manispaa ya Temeke. Tangu Februari 2021, Rais Magufuli alipoivunja iliyokuwa Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Ilala hadhi, Jiji la Dar es Salaam kisheria ni Ilala. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni ni manispaa, kila moja na madiwani wake na meya wake. Mwanza ni vivyo hivyo: Ilemela ilijitenga mwaka 2012 ikawa manispaa, kwa hiyo anayelalamikia soko la Kirumba hapaswi kumtafuta diwani wa Jiji.

Nani anakaa kwenye baraza

Sheria inayoendesha majiji, manispaa na miji ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982. Kwa mujibu wake, baraza lina madiwani waliochaguliwa kwenye kata, madiwani wanawake wa viti maalum wasiopungua theluthi moja ya hao, na wabunge wa eneo hilo. Wao wenyewe wanamchagua meya kati yao. Mwananchi hampigii meya kura. Kwa hiyo mgombea anayesema "nataka kuwa meya wenu" anaomba vitu viwili: kura zenu leo, na kura za madiwani wenzake baadaye, ambazo hutanguliwa na kura nyingine ndani ya chama chake.

Sasa angalia upande wa pili wa meza. Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye katibu wa baraza na mtendaji mkuu wa halmashauri, anateuliwa na Rais. Baraza halimwajiri wala halimfukuzi. Tumewahi kusikia madiwani wakipitisha azimio la kumkataa mkurugenzi wao, lakini azimio hilo linakwenda kwa mamlaka ya uteuzi, na mamlaka ya uteuzi ndiyo inayoamua. Juu yake kuna mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, nao wateule wa Rais.

Hali hii ina historia. Mwaka 1972 Serikali ilizifuta kabisa halmashauri na kuleta mpango wa Madaraka Mikoani, uliopeleka maofisa wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Miji ikaanza kunuka, mifereji ikaziba, na mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978, kisha sheria za 1982 zikarejesha mfumo mzima. Serikali Kuu ilirudisha halmashauri bila kuachia hatamu, na ibara za 145 na 146 za Katiba, zinazosema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, zimekuwa zikivutana na hatamu hizo tangu wakati huo.

Barabara, ahadi ya kwanza na iliyo mbali zaidi

Hakuna kampeni ya udiwani isiyo na barabara. Na hakuna ahadi inayoonyesha vizuri zaidi pengo kati ya sababu na kiti.

Zamani ahadi hiyo ilikuwa na mantiki. Halmashauri ilikuwa na mhandisi wake, greda lake (kama lilikuwa zima), na fedha za Mfuko wa Barabara zilipita kwake. Diwani mwenye mdomo aliweza kulivuta greda hadi kwenye kata yake. Mwaka 2017 hilo likaisha. Serikali ilianzisha Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ukachukua barabara zote zilizokuwa za halmashauri, pamoja na wahandisi na fedha zake. Barabara kuu na za mikoa zilikuwa tayari chini ya TANROADS. Mwaka 2021 Bunge likapitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi za ndani. Mwendesha bodaboda wa Mkolani anapojaza lita mbili, amechangia TARURA shilingi 200, na diwani wake hana saini hata moja kwenye safari ya fedha hiyo.

Waliotetea mabadiliko hayo walikuwa na hoja, na nadhani walikuwa nusu sahihi. Ilikuwa siri ya wazi kwamba barabara za mji zilipenda kupita karibu na nyumba za wenye sauti. Kuwakusanya wahandisi mahali pamoja na kuwaweka mbali na makelele ya baraza kulipunguza hilo. Nusu nyingine ni kwamba meneja wa TARURA wa wilaya sasa anawajibika kwa wakubwa wake wa wakala, siyo kwa watu wanaokanyaga tope. Anakuja kwenye baraza, anasoma taarifa yake, anaulizwa, anajibu kuwa "ipo kwenye mpango", anaondoka.

Basi diwani hana lolote? Analo, ila ni la aina nyingine. Anaweza kuhakikisha barabara ya kata yake imo kwenye vipaumbele vinavyopelekwa TARURA. Anaweza kuuliza barazani kwa nini kalavati lililotajwa kwenye taarifa ya robo iliyopita halionekani kwenye hii. Na halmashauri yenye mapato mazuri inaweza kutenga sehemu ya fedha zake za ndani kuongezea nguvu. Mgombea anayesema "nitapigania barabara ya kupanda mlimani iingizwe kwenye mpango, na kila robo mwaka nitawaletea majibu ya TARURA" amekielewa kiti. Anayesema "nitaleta lami" anaomba kazi ya mtu mwingine.

Maji ni hadithi hiyohiyo. Mwanza maji ni ya MWAUWASA, mamlaka iliyo chini ya Wizara ya Maji. Chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, ni mradi wa Serikali Kuu na wafadhili. Hakikutokana na baraza la madiwani. Umeme ni wa TANESCO. Walimu na wauguzi wanaajiriwa kitaifa. Kote huko diwani ni mpeleka malalamiko, kazi yenye heshima yake, lakini tusiipe jina lingine.

Kwenye taka ndiko kiti kilipo

Kama unataka kumjua mgombea, mwache amalize barabara na maji, kisha muulize habari za taka. Hapo hakuna wakala wa kitaifa wa kusingiziwa. Usafi wa mji ni kazi ya halmashauri tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba za Igogo, Isamilo na Mabatini zimeng'ang'ania miamba, na gari la taka haliwezi kupanda. Kwa hiyo mfumo unafanya kazi hivi: vijana wa kikundi kilichopewa eneo wanapita nyumba hadi nyumba, wanashusha viroba kwa miguu na mikokoteni hadi kwenye ghuba la kukusanyia taka lililo kando ya barabara, gari linachukua ghubani hadi dampo la Buhongwa. Mlolongo una viungo vitatu na unaweza kukatika kwenye chochote. Kikundi kisipolipwa, viroba vinabaki mlimani. Gari lisipokuja siku nne, ghuba linafurika, mbwa na kunguru wanafanya kazi iliyobaki. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko inashuka na mto Mirongo hadi Ziwa Victoria, kwenye maji yaleyale tunayoyavuta kuyanywa.

Sasa hesabu maamuzi yaliyomo humo. Ada ya taka kwa nyumba na kwa duka ni kiasi gani? Imewekwa na sheria ndogo, ambayo baraza ndilo linaitunga kabla ya kwenda kwa Waziri kuidhinishwa. Kata ipewe kikundi cha vijana au kampuni? Mkataba unasema gari lipite mara ngapi, na lisipopita mkandarasi anakatwa nini? Ghuba lijengwe wapi, maana kila mtu analitaka lakini hakuna anayelitaka mbele ya nyumba yake? Magari mangapi yanunuliwe kwenye bajeti ijayo? Haya yote yanapita kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, Kamati ya Fedha na Uongozi na hatimaye baraza. Diwani yumo ndani ya chumba, ana kiti, ana kura.

Ajabu ni kwamba taka hazitajwi sana jukwaani. Hazina picha nzuri, na kuzizungumzia kunamlazimu mgombea kutamka neno ada.

Masoko na stendi ni vilevile. Nani anapata kizimba katika soko jipya, ushuru wa meza ni kiasi gani, wamachinga wa Makoroboi wakae wapi na wasikae wapi: hayo ni ya halmashauri, ingawa mwaka 2021 tuliona jinsi agizo moja kutoka juu linavyoweza kuwahamisha wamachinga wa nchi nzima ndani ya wiki chache. Leseni za biashara, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, ada za vibali vya ujenzi, upimaji na uuzaji wa viwanja. Hapa kwenye viwanja Dodoma ndiyo darasa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kupewa halmashauri, mapato ya ndani ya Dodoma yaliruka kwa sababu ya viwanja, na mji ambao miaka michache nyuma haukutajwa kwenye orodha za mapato ukaanza kushindana na Dar es Salaam. Pamoja na mapato zikaja kesi na malalamiko ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Diwani anayesema anagombea kwa ajili ya kero za ardhi Dodoma anazungumzia jambo lililo ndani ya uwezo wake kabisa, na pia jambo linaloweza kumtajirisha.

Chanzo kimoja cha mapato kilitoka mikononi mwa halmashauri, nacho ni kodi ya majengo. Ilikwenda kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kisha tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Mgombea akisema atashughulikia kodi ya majengo, mpe maji anywe.

Asilimia kumi

Hakuna mstari unaoshangiliwa kama huu: "Nitawaletea mikopo." Kisheria, tangu 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato yenye masharti maalumu, kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazitoki Serikali Kuu kule Dodoma, ni ushuru wa soko lako uliorudi. Zikikusanywa kidogo, mikopo ni kidogo. Hii maana yake mgombea hawezi kuahidi jukwaa moja kufuta ushuru wa akina mama wauza mboga na jukwaa la pili kuongeza mikopo, lakini nimesikia yote mawili kutoka kinywa kimoja.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimamisha utoaji wa mikopo hiyo baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirudi na baadhi ya vikundi ni hewa. Ilirejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikianza kwa kupitisha fedha benki, zikiwamo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma. Maombi ya vikundi huanzia ngazi ya kata. Kwa hiyo vikundi hewa havikuota Dodoma. Viliandikwa kwenye kata, na watu wa kata waliwajua wanachama wake au walijua kwamba hawapo. Mgombea wa leo akigusia mikopo, swali siyo ataleta kiasi gani. Ni iwapo yuko tayari kubandika orodha ya vikundi na madeni yao kwenye ubao wa ofisi ya kata, akiwamo shemeji yake.

Kikao ambacho hakuna kamera

Kuna kazi moja ya diwani ambayo karibu hakuna anayeitaja anapoeleza kwa nini anagombea: yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ofisi ya kata, viti vya plastiki, feni isiyozunguka. Mtendaji wa kata ndiye katibu, ana daftari na muhuri. Wenyeviti wa mitaa wamekaa upande mmoja, wataalamu upande wa pili: afisa maendeleo ya jamii, mganga mfawidhi wa zahanati, walimu wakuu. Ajenda ya nne ni boma la darasa lililofika lenta mwaka juzi kwa michango ya wazazi, na fedha zikaishia hapo. Mwenyekiti mmoja wa mtaa anataka wachangishe tena wapaue. Mwingine anasema watu wake hawatoi hata mia mpaka waone mapato na matumizi ya michango ya kwanza. Mtendaji anafungua daftari, anakohoa.

Hapo ndipo diwani anapofanya kazi au anapokwepa. Kamati hii ndiyo inayopanga kipaumbele cha kata: boma, choo cha shule au kalavati. Kilichopangwa kinapanda kwenye kamati za halmashauri, kinapitishwa barazani mwanzoni mwa mwaka, kinapelekwa mkoani, TAMISEMI na Hazina, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Aliyechaguliwa Oktoba 2025 ameikuta bajeti ya 2025/26 imeshapitishwa na waliomtangulia. Bajeti yake ya kwanza ni ya 2026/27. Zile ahadi za "siku mia moja za kwanza" zimeigwa kutoka kwenye siasa za marais. Diwani hana siku mia moja, ana Julai.

Anagombea kwa ajili ya nani?

Ili mtu agombee udiwani anatakiwa awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri, awe na kipato halali, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Sharti hili la mwisho ndilo linalofinyanga sababu zote nyingine. Mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba katazo hilo linakiuka haki.

Kwa hiyo mgombea huanza kueleza sababu zake kwa wanachama wenzake kabla ya kukueleza wewe. Ndani ya CCM, chama tawala, ambako kwa kata nyingi ndiko ushindani halisi ulipo, kuna kura za maoni, kisha vikao vya juu vinavyoweza kulirudisha au kulikata jina la aliyeongoza. Msemo wa "wajumbe siyo watu" uliozagaa mwaka 2020 ulitoka kwenye uchungu huo: mtu amekula na wajumbe, yaani wapiga kura wa ndani ya chama, amelala akihesabu kura, ameamka ana kura tatu. Sababu inayomfaa mjumbe (nimekitumikia chama tangu chipukizi, sitawasahau) siyo ile inayomfaa mlipa ushuru wa soko.

Na akishachaguliwa, chama hakimwachi. Kabla ya kikao cha baraza kuna kikao cha chama cha madiwani, na mara nyingi mambo mazito yanamalizikia huko. Akienda kinyume anaweza kufukuzwa uanachama, na akipoteza uanachama anapoteza kiti. Ndiyo maana madiwani wa upinzani waliohamia CCM kuanzia 2017 "kuunga mkono juhudi za Rais" walilazimika kuacha viti. Tarehe 26 Novemba 2017 kulikuwa na uchaguzi mdogo katika kata 43, CCM ikachukua 42. Wapiga kura wa kata ambazo madiwani wao walihama walikuwa wamepewa sababu moja mwaka 2015 na sasa wakaletewa nyingine iliyo kinyume chake.

Mwaka 2020 madiwani wengi walipita bila kupingwa, yaani hawakuhitaji hata kutoa sababu. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 inataka mgombea pekee apigiwe kura. Ni afadhali kidogo, lakini kura ya kumkubali au kumkataa mtu mmoja bado haimlazimishi kujieleza.

Ziko pia sababu zisizosemwa jukwaani. Mshahara siyo mojawapo. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ya diwani ilikaa kwenye shilingi 350,000, ukiacha posho za vikao. Anayetumia mamilioni kuutafuta udiwani hazifuati hizo. Kwa wengine udiwani ni ngazi ya ubunge, na sioni ubaya, mradi apande akiwa ameacha kitu nyuma. Kwa wengine ni tenda, vizimba na viwanja. Sheria inamtaka diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa ayatangaze na ajitoe kwenye mjadala. Mimi ningependa wagombea waulizwe hadharani, kabla ya kura, wana biashara gani na halmashauri. Mkandarasi akiniambia "nagombea kwa sababu nimechoka kucheleweshewa malipo", nitamheshimu zaidi ya yule aliyeguswa.

Jirani zetu Kenya walifuata njia tofauti. Katiba yao ya 2010 ilifuta mabaraza ya miji, na tangu 2013 Nairobi ni kaunti yenye bunge lake, wadi 85 zikichagua kila moja mwakilishi wake. Mgombea huru anaruhusiwa. Gavana anachaguliwa na wananchi, na wawakilishi hao wanaweza kuanzisha kumng'oa: Mike Sonko aliondolewa Desemba 2020 baada ya bunge la kaunti kupiga kura na Seneti kuthibitisha. Haijawafanya wawakilishi wa wadi kuwa malaika, na Wakenya wenyewe watakueleza habari za safari zao za nje. Lakini mwakilishi wa wadi wa Nairobi akisema "nitamwajibisha mkuu wa kaunti", kauli yake ina meno. Diwani wa Mwanza akisema "nitamwajibisha mkurugenzi", anaahidi kupiga kelele.

Kwa hiyo, ukikutana na mgombea kijiweni au kwenye mkutano, maswali yanayofaa ni yale anayoweza kuyajibu kwa kiti anachokiomba. Anataka kukaa kamati gani, na kwa nini? Mkataba wa taka wa kata hii unakwisha lini, na angependa ubadilishwe nini? Ni boma gani ataanza nalo kwenye bajeti ya Julai? Ni ushuru gani angeupunguza, na pengo lake angelijaza na nini? Kikao cha chama kikiamua kinyume na kata, atakuja kutueleza au tutasikia kwa watu? Asiyejua majibu siyo lazima awe mbaya, wengi hawajawahi kuiona hata nakala ya bajeti. Muulize kama ameiomba.

Na baada ya uchaguzi, mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi kisheria, isipokuwa pale baraza linapoamua kujifungia kwa jambo maalumu. Inafanyika kila robo mwaka, ratiba ipo kwa mkurugenzi, na mwananchi anaruhusiwa kuingia ukumbini na kusikiliza diwani wake anauliza nini, au kama anauliza.